Injini Haina Miguu

Jumatatu, 14 Septemba

Nimekwenda kwenye maonyesho ya ndege za kale. Nilikuwa nimeapa siendi. Niliapa hadharani, posta, mbele ya watu wanne na mbwa. Lakini huwezi kupinga kitu ambacho hujakitazama. Huo ni uvivu wa wahariri wa magazeti, na mimi si mhariri. (Nilinyimwa kazi hiyo mara mbili. Sina kinyongo.)

Hangari imejaa. Ndege mbili za kweli, zilizoruka kweli, zinanuka vumbi na panya. Nakala saba za mbao na kitambaa. Halafu meza ndefu ya injini ndogo, kila moja inaenea ndani ya sufuria, zilizochongwa na wanaume wa mji wetu wa Tarlow katika gereji zao kwa miaka na miaka huku wake zao wakiamini wanatengeneza mashine ya kukata nyasi.

Nakala yangu mimi wameiweka jirani na vyoo! Ndege ya babu mzaa babu yetu, Ezra Rusk, aliyeruka juu ya shamba lake la maharage mwaka 1902, mwaka mzima kabla ya wale ndugu wawili wa Dayton wanaosifiwa kuwa wa kwanza kuruka, ambao Ohio nzima inawaabudu mpaka kwenye vibao vya magari. Nimeijenga kwa mikono yangu, miaka minne. Bawa la kushoto wametundika makoti. Kibao kinasema: "Ndege ya Ezra Rusk. Haijathibitishwa." Nikamtafuta Delbert Hoag, mwenyekiti wa klabu ya injini ndogo, mtu mrefu anayetembea kama amebeba trei ya mayai, na mpole kwa makusudi, ili aniudhi. Akaniita Dada Imo. Akasema "haijathibitishwa" ni neno la adabu. Kamati ilitaka kuandika "haikuruka".

Hayo ningeyavumilia. Lakini katikati ya meza, juu ya kitambaa chekundu, ipo injini ya Lyle.

Lyle ni kaka yangu. Alikuwa. Alifariki mwezi wa tatu. Silinda tisa, kila moja kama kidole gumba, zimejipanga duara kama alizeti, na injini ikiwaka, silinda zenyewe huzunguka pamoja na pangaboi. Miaka kumi na moja aliichonga. Nikainama nisome kibao. "Imetengenezwa na Lyle Rusk na Delbert Hoag."

NA Delbert Hoag!

Hivi ndivyo historia inavyoibwa. Hawavunji mlango. Wanaongeza "na".

Mimi sijawahi kuisikia injini hiyo ikiwaka. Niandike sababu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Miaka sita iliyopita Lyle alisimama kwenye mkutano wa klabu na kuonyesha kwa hesabu, ubaoni, kwamba injini ya Babu Ezra isingeinua hata kuku. Kaka yangu wa tumbo moja! Tukaacha kusemezana. Kusema kweli niliacha mimi, yeye aliendelea kupiga simu. Miaka miwili iliyopita, siku ya Jumanne, akapiga akihema. Imo, imewaka, ndiyo mara ya kwanza, njoo uisikie, wifi yako Marjean anapika tambi. Nilikuwa katikati ya barua kwa gazeti. Nikamwambia injini haina miguu, nitaisikia siku nyingine. Akasema sawa, Imo.

Barua ilihusu maegesho ya baiskeli. Hawakuichapa.

Nimeamua. Kibao kile kitarekebishwa.

Jumanne, 15 Septemba

Mpango wa kwanza. Mwepesi, safi, haukosi.

Nimepiga chapa kibao kipya: "Imetengenezwa na Lyle Rusk." Nukta. Delbert huenda kula saa sita kamili. Saa sita kasorobo nikaingia ndani ya nakala ya ndege ya bawa moja iliyo mkabala na meza, nikajifunika turubai, nikasubiri.

Basi la wazee kutoka nyumba ya kulelea wazee likafika saa sita kasoro kumi. Sikulitarajia. Mama mmoja akanichokoa mbavu kwa fimbo kupitia kitambaa. Akawaambia wenzake kuna kitu hai. Akachokoa tena. Nikatoa kichwa kwa heshima zote. Akaniuliza kama mimi ndiye rubani wa asili. Mwenzake akamwambia acha utani, Opal, rubani wa asili angekuwa mzuri kuliko huyu. Wakacheka mpaka mmoja akatafutiwa kiti. Nikajaribu kushuka kwa hadhi. Kiti cha matete kikapasuka, nikazama mpaka kwapani.

Delbert ndiye aliyenichomoa. Hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Akaokota kibao changu chini, akakisoma, akanirudishia. Akasema Dada Imo, maneno ya kibao kile si yangu, muulize wifi yako.

Sitamuuliza. Wanaouliza ni wale wasio na ushahidi.

Jumatano, 16 Septemba

Jana nililipelekea gazeti barua ya maneno elfu moja na mia moja. Nilianza na wanahistoria wa kale, nikapita kwa wafalme waliofuta majina ya watangulizi wao kwenye mawe, nikafika kwa Delbert Hoag ukurasa wa tatu. Leo wameichapa. Ukurasa wa tisa, chini, pembeni ya tangazo la chakula cha nguruwe: "Bi. Imogene Rusk anakumbusha kwamba maonyesho ya ndege yanaendelea hadi Jumapili."

Nitawajibu. Kwanza mpango wa pili: kuingia ndani ya ngome.

Nimeomba kazi ya kujitolea. Nilitarajia mapambano. Delbert akanipa kizibao chekundu papo hapo, akasema kimekuwa kikinisubiri. Najua mtego nikiuona. Nikakivaa hata hivyo. Kinanibana begani. Kazi yangu ni kulinda kamba mbele ya injini ndogo na kuelekeza watu vyooni. Nimeunganisha kazi na elimu. Kila anayeuliza namwambia vyoo viko pale, kushoto mwa ndege ya kwanza kuruka duniani. Bwana mmoja wa Dayton ameandika malalamiko. Nimemsaidia tahajia.

Mchana Delbert alikuja na kahawa, akanikumbusha habari ya Jumapili, kana kwamba mimi ni mgeni hapa. Klabu ina desturi yake. Mwenzao akifa, injini yake huwashwa mara moja ya mwisho, saa kumi jioni, maonyesho yakifungwa. Mkono mmoja tu ndio unaopiga pangaboi, mkono uliotajwa na mjane. Wanaume wanavua kofia. Hakuna anayesema neno mpaka petroli iishe. Kisha injini inaingia kabatini, kwenye kioo, na haiwashwi tena.

Haiwashwi tena. Alilisema hilo akinitazama.

Nikamuuliza mkono ni wa nani. Akasema yeye si mjane.

Ni wake. Ningeapa posta.

Alhamisi, 17 Septemba

Kwa wifi Marjean. Nilikwenda na hoja tano kwa nini mkono uwe wangu. Ya kwanza, damu. Sikufika ya pili. Akaniwekea sahani ya tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda, akaniambia kula kwanza, wifi, umekonda kwa kugombana. Nikasema sigombani, ninasahihisha. Akasema wewe ungekuwa injini, ungewaka bila petroli, na kuzima ingekuwa kazi ya zimamoto.

Akasema mkono umeshachaguliwa. Lyle mwenyewe ndiye aliyeuchagua kabla hajafa. Nikauliza ni wa Delbert? Akasema ongeza mchuzi.

Alipotoka kujibu simu nikapenya gerejini. Meza ya Lyle ipo kama alivyoiacha. Lakini pembeni kuna koti la kazi lenye jina Delbert, na tupa za Delbert, na kwenye rafu vikombe viwili vya kahawa, bega kwa bega. Uvamizi! Miaka mingapi huyu mtu amekuwa akijipenyeza humu? Nikakishika kikombe cha Lyle. Kimekatika mkono, kimegundishwa. Nikakirudisha.

Mezani tena, nikauliza kwa sauti ya kawaida kama zile kadi zipo bado.

Niandike na hili. Mwezi wa pili nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Kadi saba, kila moja na hoja, kuthibitisha kwamba Babu Ezra aliruka. Nilidhani tutajadiliana, tumalize, kisha tupatane kwa haki. Nilimkuta amelala. Mdogo kitandani kuliko nilivyomkumbuka. Nikakaa dakika ishirini. Nikaziacha kadi juu ya kabati ya kitanda, kwa mpangilio, na nikaondoka kabla hajaamka ili asije akasema nilimshinda akiwa mgonjwa.

Marjean akasema kadi zipo. Akasema alizisoma, wifi. Zote. Kisha akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimempata! Nimempata Delbert Hoag!

Asubuhi nikiwa kwenye kamba nilimwona akijaza tangi dogo la oili la injini ya Lyle, tayari kwa Jumapili. Na kopo alilokuwa nalo ni la oili ya kawaida. Oili ya gari! Mtu yeyote aliyesoma anajua kwamba injini za namna hii, zile kubwa za enzi ya vita, zilitumia mafuta ya mbarika na si kitu kingine. Marubani walikuwa wakiyavuta kwa pua na mdomo mpaka wakashindwa kukaa kwenye viti, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kunyweshwa mbarika anazifahamu. Nimesoma vitabu vitatu. Delbert amesoma kopo.

Basi huyu ndiye "na". Huyu ndiye anayeandikwa sawa na kaka yangu.

Mpango wa tatu, ulio bora kuliko yote. Nitaiwekea injini ya Lyle mafuta inayoyastahili. Jumapili itaimba kuliko ilivyowahi kuimba. Pangaboi atalipiga Delbert, sawa, apige. Watu watashangaa. Ndipo nitasogea mbele na hotuba.

Duka la dawa walikuwa na aina moja tu ya mbarika, yenye ladha ya limau, kwa ajili ya watoto. Muuzaji akaniuliza kwa upole tatizo lina siku ngapi. Nikamwambia miaka sita. Akanipa chupa mbili.

Nyumbani nikafungua kizibo ninuse. Lo! Jikoni kwa mama, Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi kijiko kimoja kila mtoto, tuumwe tusiumwe. Mimi nilimeza nikasimama wima. Lyle alikuwa akitapika hata kabla ya kijiko kufika. Alikuwa akijificha kwenye pipa la mahindi, na mama akimtoa kwa sikio. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonyesha mama pipa. Nilikuwa na miaka saba na tayari nilipenda ukweli.

Lyle aliwahi kuniapia kwamba akiwa mkubwa kitu hicho hakitaingia nyumbani kwake mpaka afe.

Nimecheka peke yangu, kisha sikucheka. Nimeandaa vifaa vya kesho.

Jumamosi, 19 Septemba

Imefanyika.

Saa sita na nusu akina mama wa kanisa waliingiza pai, na hangari yote ikahamia upande wa pai. Ile kamba nailinda mimi. Mlinzi na mwizi ni mtu mmoja, hakuna urasimu. Nilikuwa na bomba lile la jikoni, la kufyonza mchuzi na kummwagia bata mzinga. Nikafyonza oili ya Delbert kutoka tangini, kijiko baada ya kijiko. Haikutoka yote. Iliyobaki kwenye mrija haikukubali, mrija wenyewe mwembamba kuliko sindano ya kushonea. Si kitu. Oili ni oili. Nikajaza mbarika.

Bibi mmoja akanifuma, akauliza ninafanya nini. Nikasema matengenezo, nikamgeuzia kizibao. Akauliza vyoo viko wapi. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilionyesha kwa kidole tu, bila historia.

Nilipomaliza nilibaki nimeinama. Kwa ukaribu ule unaona alama za tupa. Kila silinda ina mapezi membamba kama kurasa. Silinda tano zina mkono mmoja, mkwaruzo unakwenda kulia, kama Lyle alivyokuwa akinoa visu. Nne mkwaruzo umenyooka. Nikajiuliza kwa nini abadili mkono. Pai ikaisha, watu wakarudi.

Hotuba iko tayari. Kurasa sita. Inaanza: "Wananchi wa Tarlow, mmedanganywa."

Jumapili, 20 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa kumi watu walikuwa kama mia mbili. Nilikuwa mbele na hotuba mfukoni. Delbert akajaza petroli ya dakika tatu, akafungua bomba, akavua kofia. Wote wakavua. Marjean akatoka mbele na mkoba wake wa kanisani. Akasema mume wake aliacha neno, na neno ni fupi kwa sababu kalamu ilikuwa imeanza kumshinda. Akatoa kadi.

Ilikuwa kadi yangu. Nilitambua namba kwenye kona: nne. Akaigeuza nyuma, akasoma.

"Hoja ya nne haina nguvu. Injini aiwashe Imo."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka wote mara moja.

Sikuweza kusogea. Delbert akaja akanishika kiwiko kama mtu anavyomvusha mzee barabara. Najua kilichopita kichwani mwangu, na nitakiandika. Nilifikiri: sema sasa. Kisha nikafikiri: niseme nini? Nimemwekea kilicho bora kuliko vyote.

Delbert akashika kwa mikono miwili ubao uliofungiwa injini. Akaninong'oneza nipige kuelekea chini, kwa haraka, kama ninafukuza kuku. Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena. Ikakohoa. Mara ya tatu ikashika.

Sikujua. Nilidhani itakuwa kelele ya mashine ya nyasi. Ilikuwa sauti ya kitambaa kirefu kinachochanwa bila kuisha. Silinda tisa zikapotea, pakabaki duara la kung'aa, na upepo ukanipiga usoni, upepo alioutengeneza Lyle. Delbert alikuwa akilia waziwazi bila kuachia ubao. Nikafungua mdomo niseme kitu, hata sijui kitu gani. Na hapo nikasikia harufu.

Limau.

Ikakohoa. Ikatoa ukelele mmoja kama msumari juu ya kioo, ikasimama pale pale. Sekunde kumi na nne, Marjean alihesabu. Mimi ningeapa ni zaidi.

Desturi inasema hakuna neno wala kofia mpaka petroli iishe. Na petroli haikuwa imeisha. Ilikuwa bado tele ndani ya tangi. Watu mia mbili walisimama wakitazama injini iliyokufa, na hakuna aliyejua sheria. Delbert akafikiri. Kisha akachomoa mrija wa petroli kwa vidole vyake vinene, akaweka kopo tupu chini yake, akaiacha itone. Tone. Tone. Tulisimama wote vichwa wazi mpaka la mwisho. Ilichukua dakika nyingi. Mtoto mchanga alilia akatulizwa. Tone la mwisho lilining'inia likakataa kuanguka, na mia mbili wote tukalisubiri.

Lilipoanguka, Delbert akavaa kofia, akawaambia watu kwamba Lyle anawashukuru, pai zimebaki mbili.

Nyuma ya hangari akachovya kidole katika tangi la oili, akanusa, akaonja. Akaniuliza Dada Imo, umeweka nini? Nikasema nimeweka kinachotakiwa na kila injini ya aina hiyo, na vitabu ninavyo. Akasema ni kweli, zile kubwa zilikunywa mbarika. Hii haikuchongwa hivyo. Na mbarika haikai tangi moja na oili ya kawaida, yanagandiana kama uji, mrija unaziba, chuma kinasuguana kikavu. Imenoki, dada. Alisema kwa upole uleule. Ningependa angenipiga.

Marjean ndiye aliyemalizia. Akasema Lyle alitumia mwaka mzima kati ya kumi na moja kuchora upya njia za oili, ili injini isihitaji mbarika, kwa kuwa hakuweza hata kuinusa. Kwa ajili ya zile Jumamosi za mama yenu, wifi. Wewe ulikuwepo.

Nilikuwepo.

Nikauliza kuhusu kibao, maana hakuna anayependa kutoka sokoni mikono mitupu. Akasema mikono ya Lyle ilianza kutetemeka kwenye silinda ya sita. Nne za mwisho alichonga Delbert, kila Jumanne, Lyle amekaa pembeni akimkosoa. Kibao aliandika Lyle mwenyewe.

Nikasema lawama kubwa ni ya duka la dawa, kwa kutouza mbarika isiyo na limau.

Marjean akanipa kadi namba nne, akaenda kusaidia kukunja meza.

Jumatatu, 21 Septemba

Nimelala mchana. Nikasikia kitambaa kikichanwa, nikakimbia dirishani bila viatu.

Jirani, anakata nyasi.

Jumanne, 22 Septemba

Saa nne asubuhi simu. Delbert. Niliandaa utetezi, akaanza yeye. Amekwenda kwa kamati. Amewaambia injini iliyozimika kabla ya petroli kuisha haijawashwa mara ya mwisho, kwa hiyo haiingii kabatini. Mzee mmoja akabisha, wakatafuta kanuni, kanuni haipo. Injini imerudi gerejini kwa Lyle. Ameifungua. Pistoni hazijafa. Zimejaa uji tu, na uji unatoka, lakini polepole, kwa kijiti na kitambaa na mkono mdogo. Vidole vyake ni soseji, alisema, haviingii. Lyle alikuwa akisema Imo ana mikono ya mama. Silinda tisa, Jumanne moja silinda moja, huenda kabla ya Krismasi ikawaka tena. Wanaanza leo saa nane. Marjean anapika tambi. Kikombe kipo. Nije na mikono, vitabu nivipumzishe.

Nikasema asante. Nilisema hivyo kweli. Kisha nikakata simu.

Nikavaa koti. Mkono mmoja nikauingiza. Nilikuwa natafuta funguo juu ya meza, na juu ya meza ipo kadi.

Hoja ya nne haina nguvu.

Haina nguvu! Hoja ya nne ni upepo. Hoja ya nne ndiyo uti wa mgongo wa kesi nzima! Siku ile ya 1902 upepo ulivuma kutoka magharibi, upo katika shajara ya mchungaji, na kwa upepo ule injini dhaifu ya Babu Ezra haikuhitaji kuinua ndege peke yake. Lyle hakuuhesabu upepo. Mtu aliyesoma kadi zote saba, kalamu ikimshinda, anachagua kuandika hivyo, bila sababu, bila tarakimu, kisha anaondoka! Huwezi kumwacha mtu na neno la mwisho namna hiyo. Nikaketi. Nikachukua kadi mpya, namba nane.

Saa nane na nusu simu ikalia. Marjean. Wifi, tambi zinapoa, na Delbert ameshatandika gazeti mezani, lile lenye barua yako.

Nikamwambia niko katikati ya jambo. Nikamwambia Jumanne ijayo bila shaka. Injini haina miguu.

Akasema sawa, Imo. Hajawahi kuniita Imo, yeye huniita wifi.

Mkono mmoja wa koti bado unaburuta sakafuni na unanisumbua ninapoandika. Sasa. Hoja ya nne. Upepo.